Mnakili na Mtunzi: Muda wa Kupokea na Muda wa Kutunga katika Historia ya Maandishi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna watunzi wa Kiswahili walivyogawa muda wao baina ya kupokea maneno ya wengine na kutunga ya kwao wenyewe, tangu enzi ya miswada ya hati za Kiarabu hadi zama za simu janja. Mfano unaojadiliwa kwa kirefu ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyekuwa mnakili wa kulipwa na mtunzi kwa wakati mmoja. Inadaiwa kwamba hesabu ya saa peke yake haielezi kwa nini baadhi ya wapokeaji waligeuka watunzi na wengine hawakugeuka. La kuulizwa ni kazi gani ilifanyika ndani ya kupokea kwenyewe, na ni nani aliyeilipia.

Utangulizi

Ni kawaida siku hizi kusikia, katika kumbi za mihadhara na katika vikao vya waandishi, kwamba kijana msomaji wa Kiswahili anapokea mno na kutunga kidogo. Huamka na simu na kulala na simu. Husoma, hutazama, husikiliza na kusambaza, na jua likichwa hana ubeti mmoja wala ukurasa mmoja uliotoka kichwani mwake. Dawa inayopendekezwa huwa ya saa: apunguze muda wa kutazama, aongeze muda wa kuandika. Ushauri huo una busara yake, ila umejengwa juu ya dhana mbili ambazo historia ya fasihi ya Kiswahili haiziungi mkono kwa urahisi. Ya kwanza ni kwamba kupokea na kutunga ni shughuli mbili zilizotengana, na kila saa inayokwenda kwa moja imeibwa kwa nyingine. Ya pili ni kwamba tatizo lenyewe ni jipya.

Watu wa pwani walilijua tatizo hili kabla ya umeme. Walikuwapo waliotumia sehemu kubwa ya umri wao kuyaandika maneno ya wengine, na katika hao wamo waliotunga na wamo ambao majina yao hayakubaki popote isipokuwa chini ya ukurasa wa mwisho wa muswada, penye dua na tarehe. Kuwachunguza hao kwa makini kunasaidia kulitenganisha swali la muda na maswali mengine yaliyojificha nyuma yake: malipo, umiliki wa maneno, na namna mkono unavyojifunza.

Kupokea kwa mkono

Kabla ya kuenea kwa matbaa, kusoma utendi kwa maana ya kuwa nao nyumbani kulihitaji mtu aunakili. Jambo hili hutajwa mara nyingi kama upungufu wa enzi hizo, na halitazamwi kama aina ya elimu. Hati za Kiarabu, kama zilivyotumiwa kuandikia Kiswahili, zina alama tatu tu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa desturi herufi moja ilibeba sauti zaidi ya moja: penye ba msomaji angeweza kuhitaji kutamka b, p au mb, penye fa, f au v. Mnakili hakuweza kuifanya kazi yake kwa macho peke yake. Ilimpasa alijue neno kabla ya kuliandika, apime mizani ili agundue silabi iliyopotea, na autumie ufahamu wake wa vina kuamua iwapo mnakili aliyemtangulia alikosea. Kwa maneno mengine, ilimpasa aupitie utendi mzima kwa akili ya mtunzi.

Ndiyo maana nakala za utendi mmoja hazilingani. Nakala za Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir zinatofautiana kwa maneno na hata kwa idadi ya beti, na hali ni hiyo hiyo kwa nakala za utendi ambao Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Wahariri wa karne ya 20 walizitazama tofauti hizo kama makosa ya kusahihishwa ili kulifikia tungo asilia. Kwa mtazamo wa makala haya, baadhi yake ni makosa kweli, lakini nyingine ni alama za mahali ambapo mnakili aliacha kupokea akaanza kutunga, pengine bila ya yeye mwenyewe kutambua.

Zipo pia tanzu ambazo zimeufanya mpaka huo kuwa ndio umbo lake. Katika takhmisi, mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe aliyemtangulia na kuitangulizia mitatu ya kwake, hata ubeti ukatimia mishororo mitano yenye sauti mbili. Sayyid Abdallah huyo huyo aliyetunga Al-Inkishafi ndiye anayehesabiwa kuwa mtunzi wa takhmisi ya shairi la Liyongo. Hamziya ya Sayyid Aidarusi bin Athumani wa Pate nayo ni tafsiri ya kasida ya Kiarabu ya al-Busiri, na katika miswada yake mshororo wa Kiswahili hukaa chini ya ule wa Kiarabu, kila mmoja na wa kwake. Msomaji wa ukurasa kama huo huona waziwazi kwamba mtunzi alikuwa akisoma alipokuwa akiandika. Hakuna namna ya kumgawia saa zake katika mafungu mawili.

Hata hivyo, haifai kuipamba mno enzi ya miswada. Wanakili wengi hawakutunga lolote linalojulikana. Kunakili kwa mkono kulichosha macho na mgongo, na aliyelipwa kwa kurasa alikuwa na sababu ya kuharakisha. Isitoshe, wengi zaidi katika jamii hawakunakili wala kusoma. Walipokea kwa sikio, katika maulidi na katika nyumba ambamo mwanamke mmoja aliyejua kusoma aliwasomea wenzake. Upokeaji wa sikio una nidhamu yake na umezaa malenga wengi, lakini haukuacha karatasi, na historia inayotegemea karatasi huelekea kuudharau.

Mwalimu Sikujua na hazina ya mwenziwe

Kisa cha Mombasa kinaonyesha upande mchungu wa jambo hili. Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, aliacha mashairi yaliyokaa katika vinywa na vifua vya watu wa Mvita kwa muda mrefu baada ya kufa kwake. Mmisionari W. E. Taylor alipofika Mombasa katika miaka ya 1880 na kuanza kukusanya tungo za mji huo, mtu aliyemtegemea kwa mashairi ya Muyaka alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Sikujua aliyakumbuka, akayaandika kwa hati za Kiarabu, na akayafafanulia mazingira yake: nani alikuwa akijibiwa, ugomvi gani ulikuwa ukichemka mjini, fumbo lipi lilimlenga nani. Pasipo maelezo hayo, sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka ingebaki kuwa mafumbo yasiyo na mfumbuzi.

Sikujua mwenyewe alikuwa mshairi. Alifariki mwaka 1890, naye William Hichens akaichapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940, nusu karne kamili baadaye. Mohamed H. Abdulaziz alipoyarudia mashairi hayo katika kitabu chake cha 1979, alimpa Sikujua nafasi anayostahili kama mhifadhi. Lakini neno mhifadhi lina gharama yake. Mtu mwenye uwezo wa kutunga alitumia sehemu ya miaka yake ya mwisho kumtoa mwenziwe kutoka kwenye usahaulifu, na leo msomi wa Kiswahili anayeweza kueleza fani za Muyaka kwa saa nzima huenda asiweze kutaja shairi moja la Sikujua. Je, alikosea mizani? Ukiuliza kwa niaba ya jina lake, ndiyo. Ukiuliza kwa niaba ya fasihi ya Kimvita, jibu ni gumu zaidi, kwani mashairi ya Sikujua yasiyotungwa hayawezi kuwekwa kwenye kitanga cha pili ili yapimwe na Diwani nzima.

Swali hilo la haki kati ya mhifadhi na mtunzi ndilo linalomfanya Kijuma, aliyefuata kizazi kimoja baadaye huko Lamu, kuwa mfano wenye manufaa zaidi. Yeye alikuwa yote mawili, na ushahidi wa yote mawili umebaki.

Muhamadi Kijuma kati ya wateja wake na nafsi yake

Muhamadi bin Abubakar Kijuma alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa mchonga milango, mwandishi wa khati nzuri, mpiga ala, kiongozi wa ngoma na mtunzi wa tendi na nyimbo. Wasifu wake umechunguzwa na Mohamed Abou Egl katika tasnifu iliyowasilishwa London mwaka 1983, na tungo zake kadhaa zimechapishwa na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke mwaka 2010. Katika fasihi simulizi ya mji wa Lamu anakumbukwa zaidi kwa ngoma na mashindano yake, jambo ambalo wataalamu wa miswada huwa wepesi kulipita.

Kwa wanazuoni wa Ulaya, hata hivyo, Kijuma alikuwa kwanza kabisa mkono. Alice Werner, aliyefanya utafiti Afrika ya Mashariki kati ya 1911 na 1913, Hichens katika miaka ya 1930, na Ernst Dammann aliyefika Lamu mwaka 1936, wote walipata kwake miswada. Sehemu kubwa ya kile ambacho vyuo vya London na vya Ujerumani vilikijua kuhusu ushairi wa Kiamu kilipita katika kalamu yake. Alinakili kwa malipo. Wateja wake walitaka tungo kongwe, kadiri zilivyokuwa kongwe ndivyo zilivyothaminiwa, na walizitaka ziwe safi, zenye hati inayosomeka. Dammann alipochapisha mkusanyo wake mkubwa wa tungo za lahaja ya Lamu mwaka 1940, nyuma ya kitabu hicho chenye jina la mhariri mmoja ulikuwapo mkono wa mzee aliyekwisha kuvuka miaka 80.

Hapa ndipo uchambuzi unapohitaji uangalifu. Ni rahisi kuisimulia habari hii kama kisa cha unyonyaji: mtunzi hodari anageuzwa mashine ya kunakili kwa ajili ya maktaba za mbali, na muda wake wa kutunga unanunuliwa kwa bei ndogo. Ni rahisi vilevile kuisimulia kama kisa cha wokovu: bila wateja hao, tungo zingeliwa na mchwa. Masimulizi yote mawili yanamchukulia Kijuma kama mtu aliyefanyiwa jambo, na hakuna kati yake linaloutazama mkono wake ukiwa kazini.

Utendi wa Liyongo Fumo, ulioandikwa mwaka 1913 na kuingia katika mikono ya Werner, ni ushahidi mzuri. Habari za Liyongo zilikuwa za kale; nyimbo zinazonasibishwa naye zilikuwa zikiimbwa katika gungu na mwao, na kisa cha kuuawa kwake kwa sindano ya shaba kitovuni kilijulikana na kila mtu. Kijuma alikuwa ameyapokea hayo yote kwa sikio na kwa kalamu kwa zaidi ya miaka 50. Mgeni alipotaka habari za Liyongo, alichopokea kilikuwa utendi uliopangwa kwa vina na mizani, wenye mwanzo, fitina, usaliti wa mwana na kilio cha mji. Je, huo ni unakili au ni utungaji? Wahariri wameulizana mengi kuhusu kiasi gani ni chake na kiasi gani alikikuta. Linaloelekea kusahauliwa ni kwamba agizo la mteja, yaani kazi ya kupokea kwa niaba ya mwingine, ndilo lililozaa tungo ambalo leo ndilo sura maarufu zaidi ya kisa hicho. Saa aliyoiuza ilimrudia ikiwa na faida.

Uchongaji wake unatoa ulinganisho unaofaa. Fundi wa milango ya Lamu hafanyi nakshi kutoka hewani. Anazo ruwaza alizozirithi, waridi na minyororo na majani, naye huzikata tena na tena hata mkono ukazijua bila kuamriwa. Mteja akija na mlango wa upana usio wa kawaida, fundi hulazimika kuzinyoosha ruwaza, kuzikata, kuziunganisha kwa namna isiyowahi kufanywa. Hakuna anayemwambia fundi huyo kwamba miaka aliyoitumia kurudia ruwaza za wazee ilikuwa hasara. Kijuma aliyeshika patasi na Kijuma aliyeshika kalamu walikuwa mtu mmoja, na ni ajabu kwamba mantiki inayokubaliwa kwa patasi hutiliwa shaka ikihamishiwa kwenye wino.

Pamoja na hayo, upo upande ambao hauwezi kufichwa. Soko la wageni lilikuwa na ladha yake. Lilitaka tendi za kale na za dini na tungo za mashujaa kuliko lilivyotaka nyimbo za mashindano ya ngoma ambazo Kijuma alizitunga kwa ajili ya mji wake, kwa matukio ya wiki ile, kwa kumchoma mtu fulani aliyekuwa akipita barabarani. Tungo za namna hiyo hufa upesi zisiponakiliwa, na mnakili bora wa Lamu alikuwa ameajiriwa kunakili nyinginezo. Ikiwa Kijuma alipoteza kitu, basi ni hapa. Muda wake wa kutunga alikuwa nao. Waliopungua ni watu wa kuyanakili maneno yake kwa moyo kama yeye alivyoyanakili ya wengine.

Ukurasa wa wasomaji

Mwezi Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kuchapisha gazeti la kila mwezi la Mambo Leo. Kwa gazeti la serikali ya kikoloni, lilikuwa na makusudi yanayotarajiwa: mafunzo ya kilimo na afya, habari za utawala, maadili. Lakini lilikuwa pia na nafasi ya barua na mashairi ya wasomaji, na nafasi hiyo ilibadili uhusiano wa kupokea na kutunga kwa namna ambayo hata waanzilishi wake hawakuitazamia. Karani wa bara ambaye hakuwahi kuona muswada wa hati za Kiarabu sasa aliweza kusoma shairi la mtu wa Tanga, akaliona lina kosa la mizani, akatunga la kumjibu, akalitia posta, na baada ya miezi akaliona likiwa limechapishwa. Malumbano yaliyokuwa ya baraza moja au mtaa mmoja yakawa ya nchi nzima.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kuingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, alikulia katika mazingira hayo. Alikuwa mwajiriwa wa serikali kwa zaidi ya miaka 30, na maandishi yake yote ya wakati huo yaliandikwa pembezoni mwa siku ya kazi. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa mwaka 2002, ni kumbukumbu adimu ya mwandishi wa Kiswahili akiishi baina ya mshahara, familia na miswada. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyekuja kuukuza utanzu wa ngonjera, ni mfano mwingine wa mtu aliyeufikia ushairi wa Kiswahili kutoka nje ya pwani. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichoambatana na diwani yake. Kitabu hicho kina maana ya pekee kwa mjadala huu: kinadhania kwamba msomaji wa mashairi ni mtunzi ambaye bado hajafundishwa.

Ikumbukwe kwamba mhariri alikuwa mlangoni. Mambo Leo halikuchapisha kila lililoletwa, na baada ya Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki kuundwa mwaka 1930, Kiswahili sanifu kilizidi kuwa kipimo cha linalofaa kuchapishwa. Upande wa nathari mizani ilikuwa mbaya zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930 mwanafunzi wa Kiswahili alisoma Kisiwa chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani na hadithi za Kipling, zote zikiwa tafsiri, nyingi zikisimamiwa na Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati hiyo. Lugha nzima ilikuwa ikipokea hadithi kuliko ilivyokuwa ikizitunga. Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, uliotoka mwaka 1934, ulisimama karibu peke yake.

Inavutia basi kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa na msomaji. Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, mwandishi wa magazeti, aliwasoma wapelelezi wa Kiingereza, na katika Mzimu wa Watu wa Kale akamtoa Bwana Msa, mwenye kiko chake na mantiki yake, anayemkumbusha kila mtu Sherlock Holmes ila anatembea katika mashamba ya Unguja na kubishana na imani ya mizimu. Hadithi hiyo ilishinda shindano la utunzi la Ofisi ya Maandishi ya Afrika ya Mashariki na kuchapishwa mwaka 1960. Uigaji ulikuwa wazi na haukumfedhehesha mtunzi. Upo uhakiki uliomhesabia Bwana Msa kuwa deni tu. Uhakiki huo ungemhesabia pia mtunzi wa takhmisi kuwa mdaiwa.

Pasipo maktaba

Mfano wa kinyume upo. Abdilatif Abdalla alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1968 kwa sababu ya waraka wake wa kuikosoa serikali ya Kenya, akafungwa miaka mitatu, sehemu kubwa katika upweke. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, na yalichapishwa mwaka 1973. Hapa palikuwa na muda mwingi na vya kupokea vichache mno, hali ambayo mshauri wa leo wa nidhamu ya saa angeiona kuwa ndoto ya mtunzi, ukiondoa kuta.

Lakini kila anayeyasoma mashairi hayo hukutana na Mvita nzima: bahari za zamani, msamiati wa Kimvita, mtindo wa majibizano. Mwandishi huyo alikulia katika jamaa ya watunzi, nduguye Ahmad Nassir Juma Bhalo akiwa mmoja wao, na kabla ya kifungo alikwisha tunga utenzi wake wa maisha ya Adamu na Hawaa. Alichotumia gerezani ni akiba. Upweke ulimlazimisha kuitoa, haukumpa.

Kunakili bila mkono

Kinachotofautisha zama hizi na zilizopita ni bei ya nakala. Kunakili utendi wa beti mia kulikuwa kazi ya siku kadhaa kwa Kijuma. Kuusambaza kwa watu mia leo ni kazi ya kidole gumba. Katika kushuka huko kwa bei kilichopotea hakionekani kwenye hesabu ya saa. Nakala ya simu haipiti mkononi. Anayesambaza shairi halazimiki kujua kama ba ile isomwe p au mb, wala hahitaji kuhesabu mizani, wala hapati nafasi ya kukosea kwa namna ya kutunga. Makosa ya wanakili yalikuwa mlango wa kuingilia katika utunzi, na nakala kamilifu ya mashine imeufunga mlango huo kwa uaminifu wake wenyewe.

Hata hivyo, kusema kwamba vijana wa leo hawatungi ni kutotazama. Makundi ya ushairi ya simu yamejaa malumbano ambayo wasomaji wa Mambo Leo wangeyatambua mara moja, na jibu huja kwa dakika badala ya miezi. Tofauti ipo katika kinachobaki. Gazeti lilifungwa jalada na kuwekwa maktaba. Lumbano la simu hupotea simu ikipotea. Hali ya nyimbo za ngoma za Kijuma imerudi kwa sura nyingine.

Na suala la gharama halijaisha, limehama tu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Tanzania mwaka 2018 ziliwataka watoa maudhui kujisajili na kulipa ada ya leseni ya shilingi milioni 1 pamoja na ada ya mwaka ya kiasi hicho hicho, mbali na ada ya maombi. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020, lakini kwa wakati wake ziliweka jambo bayana: kupokea kulikuwa karibu bure, na kutoa kwa jina lako hadharani kulikuwa na bei ambayo mwanafunzi au karani hawezi kuimudu. Mizani iliyokwisha kuwekewa jiwe upande mmoja haisawazishwi kwa kumhimiza mtu aamke mapema. Wanaowahubiria vijana kuhusu saa zao wangefanya vyema kuitaja pia ada hiyo, na kumtaja mhariri, na kumtaja mteja.

Mwaka 1927, akiwa na umri wa karibu miaka 72, Kijuma alitunga Utendi wa Siraji, wasia kwa mwanawe Helewa. Hakuna mgeni aliyeuagiza. Unafuata nyayo za tendi za wasia alizokwisha kuzizoea, ule wa Mwana Kupona ukiwa wa mbele kati ya hizo, na msomaji mwenye sikio husikia miongo ya unakili katika kila kituo. Nao umewafikia wasomaji wa leo kwa njia ile ile iliyozifikisha tungo za wengine: kwa sababu mtu fulani, na mara nyingi ni Kijuma mwenyewe, aliketi akaunakili tena.